Mkate wa Dinari Elfu

Ndugu msomaji, mama anayerudi sokoni na kikapu kitupu huijua hali ya dola kabla ya waziri kuarifiwa. Jumapili hii tuitazame Kairo ya karne ya 11, uone kama si kweli.

Al-Mustansir alirithi ukhalifa wa Kifatimi mwaka 1036, akiwa mtoto wa miaka saba, akaushika hadi alipofariki mwaka 1094. Msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, aliyefika Kairo mwaka 1047, alistaajabu kuona masonara hawafungi maduka yao kwa kufuli. Wavu tu uliwatosha.

Lakini nyumba ile ilikwisha kuingia mchwa. Desturi ya serikali ilikuwa kununua nafaka kila mwaka na kuiweka ghalani. Waziri al-Yazuri alishauri kwamba nafaka huharibika na bei yake hushuka. Afadhali ghala zijazwe mbao, sabuni na chuma, vitu visivyoleta hasara. Khalifa akakubali. Waziri huyo aliuawa mwaka 1058, na baada yake mawaziri wakawa wanaingia na kutoka. Askari wa Kituruki na wa Kisudani wakapigana wao kwa wao, na hazina ya jumba la kifalme ikaporwa. Mto Naili ulipokosa kujaa, na mashamba yakakosa wa kuyalima, njaa iliyoanza mwaka 1065 ilidumu miaka saba.

Mwanahistoria al-Maqrizi anasimulia habari za mwanamke mmoja wa Kairo aliyeuza kidani chenye thamani ya dinari elfu moja kwa gunia moja la unga. Njiani watu wenye njaa walimvamia wakalipora. Yeye mwenyewe aliambulia konzi moja tu. Akaukanda unga ule, akaoka mkate, akaenda nao hadi mlangoni pa jumba la Khalifa, akauinua juu watu wote wauone, akawaambia wamwombee Khalifa dua, kwani katika enzi yake njema amepata mkate kwa dinari elfu.

Maneno hayo yalimchoma al-Mustansir. Alimwita liwali, akamtishia kifo mkate usipoonekana sokoni. Liwali akawatoa gerezani watu waliokwisha hukumiwa kufa, akawavika mavazi ya wafanya biashara, akawaua mmoja mmoja mbele ya walanguzi wenyewe. Ndugu msomaji, nafaka ikatokea! Kumbe ilikuwapo, imefichwa.

Hata hivyo dola haiponywi kwa upanga wa siku moja. Khalifa alimwita jemadari Badr al-Jamali kutoka Akka, naye akaingia Kairo mwaka 1074. Aliwatiisha askari, akawasamehe wakulima kodi ya ardhi kwa miaka mitatu. Mashamba yakalimwa tena; lakini tangu hapo Khalifa alibaki na jina, amri akawa nayo jemadari.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Al-Yazuri alihesabu hasara ya nafaka iliyokaa ghalani. Hasara ya ghala lisilo na nafaka aliihesabu mama yule, mkate wake mkononi.