HAKUOMBA MSAADA, ALIOMBA WATEJA



Nina deni Makongolosi. Si deni la fedha, ni deni la kalamu. Na kwa kuwa nililikopa hadharani, acha nianze kulilipa hadharani.

Kwa asiyepajua: ukitoka Mbeya mjini unapanda Kawetere, unafika Chunya, unaendelea mbele hadi Makongolosi. Ni mji wa dhahabu. Magazetini huwa tunaukumbuka kwa habari tatu tu: duara limetitia, bei ya dhahabu imepanda, mheshimiwa fulani amezuru wachimbaji. Mimi pia nilitumwa huko kwa habari ya aina hiyo hiyo.

Nikiwa nasubiri gari ya kurudi Mbeya nikaona viroba vimeanikwa kwenye kamba kama nguo. Kila kiroba kina mnyama. Tembo, simba, faru, twiga, nyati. Si michoro ya kubahatisha, jamani. Yule nyati alikuwa ananitazama kama vile namdai.

Nikasogea, nikapiga hodi, nikamwamkia mama wa nyumba. Ndani nikamkuta mchoraji. Ni kijana wa rika langu, miguu haimbebi tangu utotoni. Anakaa kwenye mkeka, kiroba kimetandazwa juu ya ubao, makopo ya rangi yamemzunguka. Dada yake anakata viroba vya unga, anavifua, anavipinda kingo kwa cherehani. Kaka yake anavipeleka kwa pikipiki kwenye shule za awali. Walimu wanavitaka kwelikweli, maana mtoto wa miaka mitano humfundishi T ya tembo kwa maneno matupu. Mama anashika daftari la hesabu.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akacheka. "Kwenye noti." Na ni kweli, toa zako mfukoni uangalie: simba yuko kwenye elfu mbili, faru kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi. Katika mji wa dhahabu noti hazikosekani, ila zake hazikuwa zake. "Nilikuwa naazima noti kwa wateja wa genge la mama, naichora, narudisha."

Habari si ndiyo hiyo, wadau? Niliandika usiku huo huo nikatuma.

Siku ilipotoka nilitamani ardhi ipasuke. Kichwa cha habari kilisema mlemavu wa Makongolosi anaomba msaada. Picha niliyopiga ilikuwa na viroba saba nyuma yake. Iliyochapwa ilikuwa na miguu yake. Viroba vilikatwa vyote, hakuna hata mkia wa twiga.

Nilitaka sana kumlaumu mhariri, na nilimlaumu wiki nzima. Halafu nikasoma tena nilichoandika mwenyewe. Aya ya pili, kwa mkono wangu mimi mwenye digrii, kuna sentensi inasema kijana huyo "anaitegemea familia yake kwa kila kitu." Mhariri hakuiweka hiyo. Niliiweka mimi, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tunavyoandika. Ukishaona mlemavu, sentensi inakuja yenyewe.

Wakati ukweli niliuona kwa macho yangu: FAMILIA NDIYO INAYOMTEGEMEA YEYE. Cherehani ya dada inazunguka kwa sababu yeye amechora. Mafuta ya pikipiki ya kaka yanatoka kwenye brashi yake. Mkono wake ukiumwa wiki moja, nyumba nzima inapunguza mboga. Huyo ndiye mtu niliyewaambia Watanzania kwamba ni mzigo.

Nimerudi Makongolosi kuomba radhi. Kaka mtu akanisimulia kilichotokea baada ya gazeti. Walikuja watu na nguo za mitumba, wakaja na sukari, wakaja kumwombea. Hakuna aliyenunua kiroba. Mteja mmoja aliyekuwa ameagiza vingi akaghairi, akasema kwa kuwa sasa kijana ana wafadhili, hana haja tena ya biashara. Na majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama anamtumia mtoto kuombea. Mama yule, anayeandika mpaka shilingi mia ya uzi kwenye daftari lake!

Sasa tufikirie pamoja. Nchi hii inajua vizuri biashara ya familia iliyojengwa juu ya mtu mmoja anayechora wanyama. Tunaionea fahari hadi leo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya ubao mgumu, kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa chuo chochote. Michoro iliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Kazi ilipozidi akawaita ndugu na jamaa, wakajifunza kwake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku kwa kumdhania mhalifu, akafa. Jamaa hawakuacha brashi. Mwaka 1990 waliokuja nyuma yake wakaanzisha chama cha ushirika kwa jina lake, na leo neno Tingatinga linajulikana hata na watu wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Umewahi kusikia mtu akisema ndugu wa Tingatinga walikuwa wanamtumia? Umewahi kusoma kwamba alikuwa anaomba msaada? Hapana. Tunasema alianzisha mtindo. Jicho la mtu mmoja, mikono ya ukoo mzima. Makongolosi ni vivyo hivyo. Tofauti ni miguu tu. Miguu ikitembea tunaita sanaa, isipotembea tunaita huruma.

Na msiniambie kwamba huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hakuna mfano. Nendeni Iringa mjini mkaulizie Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Walianza na vijana viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Naam, kinyesi cha tembo! Baadaye wakaongeza ufumaji, shanga, ushonaji, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi unaletewa. Mtu anayenunua kadi pale haambiwi "saidia." Anaambiwa bei. Akiona ghali, anaiacha. Hiyo ndiyo heshima.

Najua kuna watakaosema: wewe mwandishi, hali za walemavu ni ngumu, msaada una ubaya gani? Sikatai hali ni ngumu. Baiskeli ya miguu mitatu ni ghali, na njia za mchanga za Makongolosi hazina huruma na matairi. Lakini hayo ni mambo ya haki. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 katika hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Mwandishi wa habari anayeacha kuuliza fedha hizo zinamfikiaje mchoraji kama huyu, halafu anawahimiza wasomaji wachange sukari, hajamsaidia mtu. Amewapumzisha wanaopaswa kujibu.

Wengine watasema familia nyingine kweli zinawanyonya ndugu zao. Hilo nalikubali moja kwa moja. Zipo nyumba ambako mwenye kipaji amefichwa chumba cha ndani na jina lililoko nje ni la kaka. Ndiyo maana nami nikauliza fedha anashika nani. Daftari nikafunguliwa: kwanza viroba na rangi, pili fungu la mchoraji, tatu nyumba. Ufunguo wa sanduku umening'inia shingoni mwa mchoraji mwenyewe. Hilo ndilo swali la kuuliza, nani ana ufunguo. Si miguu ilipatwa na nini.

Kitu kimoja kilinisumbua. Viroba havina sahihi. Nikamwambia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambulishwa kwa jina kwenye kazi yake. Akasema anajua kuandika jina lake, asante. Tatizo ni mteja akishajua ni la nani. Wako wanaotaka kupunguziwa, wanasema "si tunakusaidia?" Na wako wanaolipa zaidi halafu wanauacha mchoro nje mvua inyeshee. Wote wawili hawajamwangalia nyati usoni.

Ndiyo maana jina lake silitaji hapa. Amenikataza, na ana haki. Anasema jina lake limeshaombewa vya kutosha.

Wakati naaga nilimuuliza kwamba ile mara ya kwanza ningeandika nini. Nilitegemea aniambie niandike kuhusu kipaji, au ndoto zake, yale maswali yetu ya mwisho wa mahojiano. Hakuinua hata macho, alikuwa anamalizia masikio ya tembo.

"Ungeandika bei."

Basi naandika. Kiroba kimoja chenye mnyama mmoja ni shilingi elfu tano. Chenye wanyama kumi na majina yao ni elfu kumi na tano. Kwa shule inayochukua zaidi ya vitano, kaka analeta mwenyewe bila nauli. Hakuna punguzo la huruma, wala nyongeza ya huruma.

Na kwenu wenzangu wa kalamu, mnaotumwa mikoani na kamera ya ofisi shingoni: ukimkuta mlemavu anafanya kazi, piga picha ya kazi. Uliza anauza nini, shilingi ngapi, nani anamdai, nani hajamlipa. Kama ungemuuliza hayo fundi cherehani yeyote wa mtaani, muulize na yeye. Mimi sikuuliza, na nyumba moja ya Makongolosi imelipa gharama ya uvivu wangu.

Deni bado halijaisha. Nimechukua viroba viwili, nimelipa elfu kumi. Nyati yuko ukutani kwangu, bado ananitazama vile vile.