M haimpi mtu kibali cha kuua

Wapo wanaodai kuwa M, filamu ya Fritz Lang iliyotoka Ujerumani Mei 1931, inatetea adhabu ya kifo. Joseph Goebbels, mkuu wa propaganda wa Wanazi, aliitazama mwezi huohuo, akaisifu katika shajara yake kwa sababu hiyohiyo. Lakini ndani ya filamu, wanaodai kifo cha muuaji wa watoto ni akina nani? Ni wezi na majambazi waliomkamata na kukusanyika kumhukumu katika kiwanda cha pombe kilichotelekezwa. Mwenyekiti wao, Schränker, anasakwa na polisi kwa mauaji ya watu watatu. Wakili wa mshtakiwa anamkumbusha hilo mbele ya wote. Wala hawakumsaka muuaji kwa uchungu wa watoto. Misako ya polisi ilikuwa imewaharibia biashara. Kisha tunaonyeshwa mahakama halali: majaji wanaketi, hukumu inaanza kutamkwa kwa jina la wananchi, picha inakatwa. Hatuisikii. Mpenda kitanzi asingetunyima sekunde hizo.

Basi inamtetea muuaji? Hapana. Lang anaanza na mama yake Elsie, mtoto anayeuawa; mama huyo anaandaa chakula, anatazama saa, anaita jina la bintiye kwenye ngazi zisizo na mtu. Sahani iko mezani, tupu. Mpira unabingirika kutoka vichakani, puto linanasa kwenye nyaya. Msiba huu hausahauliki hata pale Peter Lorre, akiwa Beckert, muuaji huyo, anapopiga magoti na kulia kwamba anajikimbia mwenyewe mitaani, huku mizimu ya watoto na mama zao ikimfuata. Anawaambia wanaomhukumu kuwa wao wangeweza kuacha uhalifu kama wangejifunza kazi. Baadhi yao wanatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo ukuu wa filamu hii ulipo: tunasikia dhamiri ikimtafuna mtu aliyetenda lisilosameheka, na bado hatuambiwi tumsamehe.

Kwamba ni kisa cha muuaji halisi Peter Kürten tu, ni dai jepesi. Kürten aliua watu wazima pia, na alikatwa kichwa Julai 1931, filamu ikiwa tayari kwenye majumba ya sinema.

Turudi kwa Goebbels. Mwaka 1934 utawala wa Wanazi uliipiga M marufuku. Lorre, Myahudi, alikuwa ameshaihama Ujerumani. Mwaka 1940 kilio chake kilikatwa kutoka kwenye filamu hii na kupachikwa katika filamu ya propaganda dhidi ya Wayahudi. Kama M ingekuwa upande wao, wangeionyesha nzima.