Uzuri Usioyeyushwa

Wapo waungwana, tena wapenzi wa ushairi, wasemao kuwa chipu kuukuu ya kompyuta ni takataka, na kwamba uzuri wake wote ni ile dhahabu iliyopakwa miguuni. Basi huichovya katika tindikali, wakakomba dhahabu, na kilichobaki wakakitupa jaani. Nawapinga.

Na waitwae chipu ya 1702, iliyotolewa na kampuni ya Intel huko Kalifonia mwaka 1971 kwa uvumbuzi wa Dov Frohman. Mwili wake ni wa kauri, miguu yake ni 24, kumi na miwili kila ubavu, na katikati ya mgongo pana kidirisha cha kwatsi. Chungulia: utaona kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, kimetiwa mistari iliyopangika, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zimekizunguka.

Kidirisha hicho si pambo. Kiliwekwa ili miale ya urujuanimno ipite na kufuta yaliyoandikwa, chipu ipate kuandikwa upya. Ndiyo sababu watumiaji walikifunika kwa karatasi, kwani jua likikipiga siku nyingi, kumbukumbu hufutika. Kitu kikumbukacho gizani na kusahau kwenye nuru! Mshairi gani asiyeitamani sitiari hiyo?

Watasema: kilichoundwa kwa kazi hakistahiki kuitwa kizuri. Mbona basi twausifu ubeti? Vina na mizani ni sharti, na uzuri wa ubeti umezaliwa na sharti hilo. Chipu hiyo hubeba herufi 256 tu, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa. Ubeti mmoja wa tarbia, wenye mizani 64, utaenea humo. Wa pili hautaenea. Aliyeiandikia alilazimika kupima kila herufi, kama tupimavyo sisi.

Watasema tena: dhahabu ina bei. Naam, ina bei. Lakini ikishayeyushwa haina nasaba, wala haisimulii mkono uliyoiweka pale. Mlango wa nakshi nao ukitiwa mekoni utatoa moto mzuri. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba moto huo ndio thamani ya mlango?

Tujifunze kutazama kabla ya kuyeyusha. Aliye nayo moja sandukuni, na aifunike kidirisha chake, aihifadhi.