Bahasha ya Jaji Porteous

Kila inapotajwa habari ya Jaji Thomas Porteous wa New Orleans, aliyevuliwa ujaji na Seneti ya Marekani tarehe 8 Desemba 2010, hawakosekani wa kumtetea. Hoja zao zinaniuma, kwa sababu zote humsahau mtu mmoja: mwenye kesi aliyesimama mbele ya jaji yule bila kujua kuna nini kati yake na wakili wa upande wa pili.

Wanasema hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Ni kweli. Mwaka 2007 Wizara ya Sheria iliamua kutomfungulia mashtaka ya jinai. Lakini jela ni jambo moja na kiti cha ujaji ni jingine. Katiba ya Marekani humwacha jaji wa shirikisho kazini maisha yake yote kwa sharti la mwenendo mwema, na njia ya kumwondoa ni moja: Baraza la Wawakilishi limshtaki, kisha theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamwone ana hatia. Hafungwi wala hatozwi faini. Anapoteza kazi, na Seneti ikitaka humzuia asishike wadhifa mwingine wa shirikisho. Alcee Hastings aliondolewa hivyo mwaka 1989, ingawa mahakama ilikuwa imemwachia huru miaka sita nyuma.

Wanasema pia kwamba zile zilikuwa zawadi za marafiki. Hapa sikubali hata kidogo.

Kampuni ya Lifemark na familia ya Liljeberg walikuwa wakigombania hospitali iliyoko Kenner, Louisiana. Mwaka 1996, wiki chache tu kabla ya tarehe ya kusikilizwa, akina Liljeberg walimwajiri Jacob Amato, rafiki wa jaji wa miaka mingi. Wakili wa Lifemark akamwomba jaji ajitoe. Hakuwa na habari yoyote ya fedha. Alichojua ni urafiki tu. Porteous alikataa, na akanyamazia jambo zito: alipokuwa jaji wa jimbo alikuwa akimpangia kazi za mahakama Robert Creely, mshirika wa Amato, na sehemu ya malipo ikirudi mfukoni mwake. Jumla ilikaribia dola 20,000. Lifemark, kwa hofu, nayo ikamtafuta rafiki mwingine wa jaji na kumlipa dola 100,000 aingie upande wake. Mtu anafika mahakamani akiwa na haki yake, na bado anaona lazima anunue urafiki wa jaji!

Mwaka 1999, ushahidi umeshasikilizwa na hukumu bado haijatoka, Porteous alikwenda kuvua samaki na Amato. Humo mashuani akamwomba fedha, kwani alikuwa na gharama za harusi ya mwanawe. Amato na Creely wakatia zisizopungua dola 2,000 kwenye bahasha, na katibu muhtasi wa jaji akaenda kuichukua ofisini kwao. Mwaka uliofuata hukumu ilitoka, akina Liljeberg wakashinda. Mahakama ya rufaa iliitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo mwaka 2002, lakini hata majaji wa rufaa hawakujua habari ya bahasha.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba baadhi ya makosa aliyatenda kabla hajawa jaji wa shirikisho. Maseneta 27 walikataa kumtia hatiani kwa shtaka la chakula, matengenezo ya gari na fadhila nyingine alizopata kwa wafanyabiashara wa dhamana za mahabusu, na nadhani hoja hii iliwagusa baadhi yao. Ila mwaka 1994, alipokuwa akichunguzwa ili ateuliwe, aliulizwa kama kuna lolote maishani mwake linaloweza kumtia aibu au kutumiwa kumshinikiza. Akajibu hakuna. Cheo alichokipata kwa jibu hilo hakiwezi kuwa kinga ya yale aliyoyaficha.

Kuhusu kufilisika kwake, eti ni mambo ya nyumbani: mwaka 2001 alipeleka maombi katika mahakama ya shirikisho, akala kiapo, kwa jina la "Ortous". Jaji!

Wengine wanahofia kwamba wanasiasa wakizoea kuondoa majaji, uhuru wa mahakama utakwisha. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini tangu Marekani iwe na Katiba, majaji wa shirikisho walioondolewa na Seneti ni wanane tu, na katika shauri hili majaji wenzake ndio waliotangulia. Mwaka 2008 baraza la majaji wa kanda yake lilimsimamisha asisikilize kesi, na mwaka huohuo chombo kikuu cha majaji kililiarifu Bunge kwamba huenda zipo sababu za kumwondoa. Mshahara, dola 174,000 kwa mwaka, aliendelea kuupokea wote mpaka siku ya kura.

Katika mashtaka manne yaliyopigiwa kura siku hiyo, moja tu halikupata hata kura moja ya kumtetea. Lilikuwa lile la kesi ya Lifemark: kura 96 kwa 0.