Jasusi wa sinema anatuchekesha, sisi wenyewe tunashukiana



Yenga iliyopita courant ilirudi mapema, watoto wakaweka filme ya OSS 117, ile ya 2021 yenye jina Alerte rouge en Afrique noire. Jean Dujardin njo anacheza yule jasusi, Hubert Bonisseur de La Bath. Tulicheka mpaka mama yao akasahau bukari ku moto. Lakini usiku usingizi haukuja, kwa sababu yule mjinga wa sinema alinikumbusha ujinga wangu mwenyewe. Nitafika pale.

Kwanza niseme juu ya filme. Jasusi huyu amevaa kostime nzuri, nywele zimepangwa, anajionaka mjanja kuliko watu wote. Kumbe hajui kitu. Mu filme ya kwanza, ya 2006, wanamtuma Cairo. Muadhini anaita watu ku sala, yeye anaamka na hasira na kwenda kumnyamazisha, kwa sababu anamsumbua usingizi. Watu wakimsaidia, anawagawia picha ya raisi wa Ufaransa, René Coty, kama vile ni franka. Mu filme hii ya tatu tuko mwaka 1981, anatumwa Afrika kumsaidia raisi mmoja rafiki ya Ufaransa juu ya waasi. Anaogopa sana kuonekana mbaguzi, na kila akifungua kinywa anaharibu zaidi. Inchi yenyewe ni ya kutunga, picha zilipigwa Kenya.

Kuna wenye kusema filme kama hii inatuchezea sisi Waafrika. Mimi nasema hapana. Mwenye kuchekwa pale ni yule anayekuja kwetu na kufikiri anatujua. Sisi wa Kolwezi tuko na haki ya kucheka wa kwanza, maana tumewaona wengi wa aina yake.

Angalieni hilo jina, OSS. Si la kutunga. OSS ilikuwa idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita ya pili, ilianzishwa 1942 na kufungwa 1945. Mwandishi Mfaransa Jean Bruce alichukua jina hilo kwa vitabu vyake kuanzia 1949, miaka minne kabla James Bond hajazaliwa mu kitabu cha Ian Fleming. Na watu wa OSS wa kweli walifika mpaka Congo yetu. Walikuja juu ya uranium ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville. Wengine walijificha kama watu wa biashara. Kazi yao ilikuwa kulinda mawe yale yasifike kwa Wajerumani. Sehemu kubwa ya uranium ya bombe iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka ku shimo lile. Wazee wetu waliochimba na kubeba mawe kwa mikono hawakuambiwa ni mawe ya nini. Siri ile ilijulikana Washington, ilijulikana Bruxelles. Mwenye kuwa na vumbi yake mu mapafu njo hakujua.

Mnaona? Siri ya mine toka zamani ilikuwa silaha ya wakubwa. Haikuwa silaha ya mfanyakazi.

Na mji wetu wenyewe ulifanywa sinema. Mwezi wa tano 1978 waasi waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa parachuti wa Ufaransa wakashuka. Miaka miwili nyuma yake filme ikatoka, La légion saute sur Kolwezi. Wazee wetu wenye kukumbuka siku zile, wenye kuzika watu wao, wakiiangalia wanaona miti isiyo ya kwetu. Haikupigwa Kolwezi, ilipigwa Guyane, ng'ambo ya bahari. Mu sinema, Kolwezi inaweza kuwa popote. Maiti zetu zilikuwa hapa.

Sasa nije ku ile iliyoninyima usingizi.

Miaka michache iliyopita, ku kampuni moja ya sous-traitance, nilikuwa delegue. Tulitayarisha liste ya madai yetu: prime ya usiku, maske za vumbi, na gari ya kuwarudisha watu wa équipe ya pili. Mbele hatujaipeleka, wakubwa walikuwa tayari wanajua yote, pwe kwa pwe. Tukasema: kati yetu kuko mouchard.

Macho yakaangukia ndugu mmoja. Juu ya nini? Alikuwa na telefone mpya. Na mtu alimuona akitoka mu biro ya wakubwa. Basi, hukumu ikakatwa bila korti. Watu wakaacha kula naye ku pause. Akiingia mu gari, maneno yanakatika. Bibi yake akienda kukopa unga ku kioski, anaambiwa hakuna. Mimi delegue nilinyamaza. Mtu mmoja aliniuliza, "Delegue, ni kweli eko anauza maneno yetu?" Nikajibu, "Moshi haina bila moto." Ni jibu la mtu mvivu.

Miezi miwili nyuma yake tulijua kweli. Liste ilipita mu grupu yetu ya WhatsApp. Grupu ile ilianza kwa kukusanya franka za matanga, na toka siku ya kwanza mulikuwa na bashefu wawili wa équipe, tuliowaweka sisi wenyewe. Hakuna aliyekumbuka kuwatosha. Na aliyetuma picha ya liste mu grupu, saa nne ya usiku, na alama ya mkono wenye kukunjwa, alikuwa mimi. Yule ndugu alienda biro kuomba bon ya hospitali kwa mtoto wake. Telefone alipewa na mkubwa wake anayefanya kazi Lubumbashi.

Nilienda kwake kuomba samahani. Alinipa kiti, akanipa maji, akasema yameisha. Lakini mwisho wa mwezi aliacha kazi, akahama na jamaa yake. Yule jasusi wa filme anaona adui pahali pote, na kile chenye kuwa mbele ya pua yake hakioni. Sisi tulichunguza telefone ya mwenzetu, hatukuchunguza yetu.

Sisemi mouchard hayuko. Yuko, na wengine wanalipwa. Lakini tujiulize anaiba nini kwetu. Kama madai yetu ni ya haki, kwa nini tuyafiche? Katiba ya 2006, artikle ya 38, inahakikisha uhuru wa sendika, na artikle ya 39 inahakikisha haki ya mgomo. Kuomba maske si uasi. Basi tuandike madai, tuyasome kwa sauti mbele ya watu wote, tuyabandike ku ukuta. Mouchard atapeleka nini? Atapeleka karatasi ambayo shefu ameisoma tayari.

Kuko mambo ya kuficha, na yale tuyafiche kweli: ugonjwa wa mwenzetu, jina la mama aliyeshtaki shefu juu ya kumshikashika, jina la kijana aliyepiga picha ya mashine mbovu. Artikle ya 31 ya Katiba inalinda siri ya barua na maisha ya mtu. Hayo hayaingie mu grupu hata siku moja. Yakae kwa delegue mmoja ao wawili, ku karatasi, mu sanduku lenye kufunguo.

Na jambo la mwisho: mtu asiitwe mouchard bila kumwita mbele ya wenzake na kumsikiliza. Kampuni ikitaka kuvunja sendika, haina lazima ya kulipa jasusi. Inatosha sisi tuamini kwamba jasusi yuko kati yetu. Tutaifanya kazi ile wenyewe, bure.

Kwa hiyo filme ile iangalieni, mucheke na watoto. Kisha mufungue telefone, muhesabu nani yuko mu grupu. Na kama kuko mtu mliyeacha kumsalimia bila ushahidi, kesho asubuhi ku gari mukae karibu naye.