Nukta Imesingiziwa Mengi

“Yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndiyo kubwa.” Hili ndilo dai sugu kuliko yote, na usugu wake una sababu: kwa namba nzima ni kweli. 4,512 haiwezi kuwa ndogo kuliko 98. Kosa ni kulivusha dai hilo ng’ambo ya nukta bila kulikagua.

Agosti 2021 Mwitaliano Marcell Jacobs alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 jijini Tokyo kwa sekunde 9.80. Mwezi uliofuata, Nairobi, Ferdinand Omanyala akakimbia kwa 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Andika ubaoni 9.8 na 9.77, kisha uliza ipi kubwa. Hutakosa mwanafunzi wa kukujibu 9.77, kwa hoja kwamba 77 inaizidi 8. Kwa hesabu hiyo Omanyala ndiye aliyechelewa! Lakini ile 8 imekaa kwenye nafasi ya sehemu za kumi. Ni sehemu 8 za kumi, sawa na sehemu 80 za mia, na 80 za mia zinazizidi 77 za mia. Hakuna cha kukariri hapo. Linganisha nafasi moja baada ya nyingine kuanzia kushoto: 9 na 9 sare, 8 na 7 si sare, kazi imekwisha. Tarakimu zinazofuata, hata ziwe ishirini, hazibadilishi matokeo.

Kuna wanaolikimbia kosa hilo wakaangukia la pili: “Sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, kwa hiyo yenye tarakimu nyingi ndiyo ndogo.” Hawa ni wagumu zaidi kuwagundua, maana swali la 9.8 na 9.77 watalipata. Watawekewa vema na mwalimu ataridhika. Wape 0.3 na 0.75 ndipo utawaona wakisema 0.3 ni kubwa. Ni kweli kwamba sehemu moja ya mia ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi, ila hapa hatuna moja, tuna 75. Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walilichunguza jambo hili kwa jozi za desimali zilizopangwa makusudi, ili mpangilio wa majibu ya mwanafunzi, zaidi ya idadi ya alama zake, uonyeshe anafikiri nini. Nami nadhani hapo ndipo mitihani yetu mingi inapopwaya. Swali la “ipi kubwa, 0.36 au 0.52?” halimnasi yeyote kati ya hawa. Urefu umelingana, kwa hiyo hata asiyejua kitu kuhusu nafasi atapata.

“Desimali ni kama shilingi na senti.” Mfano huu hufundishwa kwa nia njema, lakini senti huandikwa kwa tarakimu mbili daima, na mtoto hujifunza kwamba nukta hutenganisha namba nzima mbili zinazokaa jirani. Isitoshe, mtoto wa Tanzania wa leo senti hajawahi hata kuishika.

“Kuzidisha kwa 10 ni kuongeza sifuri mwishoni.” Ongeza sifuri kwenye 9.8 upate 9.80: umezidisha kwa moja. Kinachotokea kweli ni kwamba kila tarakimu hupanda nafasi moja. 9 inatoka mamoja kwenda makumi, 8 inatoka sehemu za kumi kuja mamoja, jibu 98. Ndiyo maana hata ile kauli ya “sogeza nukta” siipendi, ingawa kwenye karatasi inaleta jibu sahihi. Nukta haiendi popote. Inabaki kando ya mamoja ilikowekwa.

Wengine hurukia upande mwingine: “Basi sifuri ya mwisho haina maana.” Kwa thamani, haina. Kwa kipimo inayo: 9.80 inatuambia kwamba saa ilisoma hadi sehemu za mia, jambo ambalo 9.8 haisemi. Na kwenye dawa inaweza kuua. Miligramu 1.0 iliyoandikwa kwa haraka, nukta ikififia, inasomeka 10, na mgonjwa anapewa dozi mara kumi. Marekani, Joint Commission, chombo kinachoidhinisha hospitali, kimeipiga marufuku sifuri hiyo ya mwisho katika maagizo ya dawa. Kikadai pia sifuri ya mbele, 0.5 badala ya .5, kwa hofu ileile.

“Nukta ndiyo katikati, kwa hiyo lazima kuwe na sehemu za moja.” Sivyo. Katikati ni mamoja. Kushoto kwake makumi, kulia sehemu za kumi; kushoto zaidi mamia, kulia zaidi sehemu za mia. Al-Uqlidisi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu Dameski kati ya 952 na 953, aliliona hili mapema: alama yake ya kutenga desimali aliiweka juu ya tarakimu ya mamoja yenyewe.

La mwisho nalisikia zaidi kazini kuliko darasani: “2.30 ni saa mbili na nusu.” Kwenye ratiba ya basi, sawa, kwani hapo nukta inatenga saa na dakika, na dakika huhesabiwa kwa sitini. Iingize 2.30 ileile kwenye kikokotoo na inakuwa saa mbili na sehemu tatu za kumi, yaani saa mbili na dakika 18. Kibarua anayelipwa shilingi 4,000 kwa saa atahesabiwa 9,200 wakati haki yake ni 10,000. Akilalamika, ataonyeshwa kikokotoo.