Jazi na roki ya hesabu: muziki unachanganyika, franga inaenda wapi?

Kuna roki ambayo mpiga ngoma hahesabu nne kama kawaida. Anahesabu tano, kisha saba, gitare nalo linageuka katikati ya wimbo. Watu wanaiita roki ya hesabu. Vijana wakiichanganya na jazi kwenye albamu, wazee wanauliza: huu ni muziki wa nani?

Kwa Katanga, swali hilo lina jibu la zamani. Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Katika «Masanga», dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinabeba sauti ya juu, na hesabu mbili zinatembea pamoja bila kugongana. Hakuna aliyemfundisha neno «roki ya hesabu». Hata neno «jazi» Kongo ililichukua ikalipa kazi yake: African Jazz na OK Jazz walikuwa wanapiga rumba.

Kwa hiyo kuchanganya si tatizo. Tatizo linaonekana ukivuka mupaka wa Mokambo, upande wa Mufulira.

Mwanzo wa miaka ya 1970, vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya shaba, walichanganya roki ya Uingereza na Marekani na midundo ya kwao. Ikaitwa Zamrock. Si roki ya hesabu, lakini njia ni ileile: kuchukua cha mbali, kukipiga kwa mkono wa nyumbani. WITCH ya Emmanuel «Jagari» Chanda ilijaza kumbi. Halafu bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, franga ikapungua mufukoni mwa mfanyakazi wa mgodi, na yeye njo alikuwa analipa kiingilio. Baadaye ukimwi ukachukua wanamuziki wengi. Jagari mwenyewe akaenda kuchimba mawe ya thamani.

Muziki haukufa. Mwaka 2023 WITCH walitoa «Zango», albamu yao ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Mwaka 2024 Tyler, the Creator, rapa wa Marekani, alitumia kipande cha «Nizakupanga Ngozi» ya Ngozi Family, wimbo wa 1977, ndani ya «Noid». Paul Ngozi, kiongozi wa bendi, alikuwa amefariki tangu 1989.

Hapo kuna somo kwa bendi za Lubumbashi na Mokambo. Albamu ya mchanganyiko mara nyingi inapata masikio yake ikiwa imechelewa, tena fasi ya mbali. Siku hiyo ikifika, anayelipwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Kukumbuka tu nani alitunga hakutoshi.

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na SOCODA ipo kwa kukusanya haki hizo. Lakini sheria haiandiki majina ndani ya studio. Kabla ya kutoka na rekodi, bendi iandike: nani alitunga sauti, nani maneno, nani alipiga nini, kila mmoja anachukua sehemu gani, na wote watie sahihi. Bendi inayoweza kuhesabu saba bila kupotea haitashindwa na hesabu hiyo.